Bomba la Moshi Lisichaguliwe kwa Masikio

Katika mambo ya magari, hakuna sehemu inayodharauliwa kama bomba la moshi. Mwenye gari hujua bei ya matairi, hujua oili inayofaa, na pengine hulijua hata jina la fundi aliyelifungua giaboksi mara ya mwisho. Lakini bomba lililolala chini ya sakafu hulikumbuka siku linapokatika njiani, au siku majirani wanapomjia juu kwa makelele. Leo tunakusudia kulizungumzia bomba hilo, tena kipande chake kimoja tu, kile kinachounganisha pande mbili za injini ya silinda nane. Tumeulizwa, na swali lenyewe lina uzito kuliko linavyoonekana.

Mzee mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, ametuletea habari za mwanawe anayefanya kazi katika ghala la mizigo huko Sacramento, katika jimbo la California nchini Marekani. Kijana huyo amenunua gari la spoti kuukuu, Ford Mustang la mwaka 1989, lenye injini ya lita tano na gia za mkono. Gari hilo ndilo limpelekalo kazini usiku na kumrudisha alfajiri. Sasa bomba la kati limepasuka, na kijana amemwarifu baba yake kwamba fedha anazotuma nyumbani mwezi huu zitapungua. Fedha hizo ndizo ada ya shule ya wadogo zake wawili. Mzee anauliza: hivi kweli bomba moja la moshi laweza kula ada ya watoto wawili? Na kama laweza, je, yule kijana anashauriwa vema? Maana katika barua yake ameeleza kuwa duka moja linamshauri anunue bomba lenye umbo la X kwa kuwa ndilo la kisasa. Duka la pili linamshauri anunue bomba jepesi lisilo na makopo ya kusafishia moshi kwa kuwa ndilo rahisi. Na rafiki yake anamwambia alehemu lile la zamani na kuliacha lilivyo.

Msomaji wa hapa kwetu akisikia injini ya V8, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye yale magari makubwa ya Toyota yanayopita katika misafara ya viongozi. Siyo hayo tunayoyazungumzia, ingawa ukoo ni mmoja. Mustang ni gari la chini, la milango miwili, lililoonyeshwa kwa umma mara ya kwanza tarehe 17 Aprili 1964 katika Maonyesho ya Dunia ya New York. Wapo wanaokataa kuliita gari la spoti, wakisema hilo ni gari la kawaida lililovikwa nguo za mbio. Hatutaingia katika ugomvi huo. Kizazi kinachotuhusu ni kile kilichotengenezwa kati ya 1979 na 1993, na hasa yale ya kuanzia 1987, ambayo injini yake ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 225. Ijapokuwa huitwa ya lita tano, ujazo wake halisi ni sentimita za ujazo 4,942 hivi. Hata lile lililotoka kiwandani mwisho kabisa limekwisha kupita umri wa miaka 30, na chuma cha umri huo kilicholala karibu na maji ya barabarani hakiwezi kuwa kizima.

Kwa nini basi mabomba mawili ya moshi, moja la kulia na moja la kushoto, yahitaji kuunganishwa kabisa? Kwa nini kila upande usitoe moshi wake kwa njia yake? Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, nasi tunamwomba msomaji atuvumilie, kwa sababu asiyelielewa hili atauziwa kila kitu.

Injini ya silinda nane yenye umbo la V si jambo jipya. Kampuni ya Cadillac ilianza kuiuza mwaka 1914. Katika injini ile, shafti ya chini iitwayo krenki, ambayo hugeuza mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka kuwa mwendo wa kuzunguka, ilikuwa bapa. Yaani vikono vyake vyote vilikuwa katika uso mmoja, vingine vikielekea juu na vingine chini. Injini ya namna hiyo hupumua sawasawa, kwani silinda za kulia na za kushoto huwaka kwa kupokezana. Lakini ilikuwa na kasoro moja: ilitetemeka, na abiria waliolipa fedha nyingi hawakupenda kutetemeshwa. Mwaka 1923 Cadillac ikaleta gari lililoitwa V-63, ambalo vikono vya krenki yake vilipangwa mfano wa msalaba, vikielekea pande nne. Mtetemo ukatulizwa. Tangu hapo karibu V8 zote za Marekani zimefuata mpango huo wa msalaba, na ile ya Mustang ni mojawapo.

Lakini utulivu huo ulinunuliwa kwa bei. Krenki ya msalaba haiziruhusu silinda kuwaka kulia, kushoto, kulia, kushoto. Katika injini hii ya Ford, silinda namba 1 hadi 4 ziko safu ya kulia, na namba 5 hadi 8 ziko safu ya kushoto, zote zikihesabiwa kutoka mbele. Mfuatano wa kuwaka kwake ni 1, 3, 7, 2, 6, 5, 4, 8. Msomaji achukue kalamu, aandike upande wa kila silinda, naye atapata: kulia, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kushoto, kulia, kushoto. Silinda namba 1 na namba 3 zinawaka moja baada ya nyingine, na zote mbili zinatema moshi katika bomba moja la kulia, ilhali bomba la kushoto limekaa bure. Muda mchache baadaye namba 6 na namba 5 zinafanya vivyo hivyo upande wa kushoto. Kila safu, kwa hiyo, hutoa pumzi mbili kwa haraka, kisha ikatua, kisha ikatoa tena. Huo ndio mngurumo mzito wa kukatakata unaozifanya injini za Kimarekani zitambulike hata kwa mtu aliyefumba macho.

Mambo haya hutendeka kwa kasi isiyofikirika kirahisi. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ambao ni mwendo wa kawaida tu, silinda zote kwa jumla huwaka mara 200 katika sekunde moja. Pumzi mbili zinapojazana katika bomba moja, ya pili huikuta ya kwanza bado haijaondoka, nayo husukumwa nyuma kidogo. Moshi kiasi hubaki ndani ya silinda, na mahali ulipobaki moshi hapawezi kuingia hewa mpya. Ndipo mafundi walipotia daraja kati ya mabomba mawili. Upande uliojaa hupata mahali pa kupumulia, na upande uliotulia huazima nafasi yake. Hiyo ndiyo kazi yote ya bomba la kuunganisha. Si pambo, wala halikubuniwa kwa ajili ya sauti.

Daraja la kwanza na la zamani ni lile lenye umbo la herufi H: mabomba mawili yaliyolala sambamba, na kipande kifupi kimekatiza katikati. Moshi wenyewe haupiti kwa wingi katika kipande hicho. Kinachopita hasa ni msukumo, kama vile mawimbi yanavyovuka mlango wa ghuba bila ya maji yote kuhama. Mustang za miaka tunayoizungumzia zilitoka kiwandani na bomba la namna hii. Daraja la pili ni lile la X, ambamo mabomba mawili hukutana kabisa, yakagusana ubavu kwa ubavu, kisha yakaachana. Hapa moshi wa pande mbili huchanganyika, na ule unaokwenda kasi huuvuta mwenzake. Katika mizunguko ya juu, X hupitisha moshi kwa urahisi zaidi, na hilo halina ubishi. Mafundi wa magari ya mashindano wanaipenda kwa sababu hiyo.

Kuhusu sauti, tofauti yao ni dhahiri na inaelezeka. Kwa kuwa H huchanganya kidogo tu, kila bomba la nyuma hubaki na ile hesabu yake ya kukatakata, na mngurumo hubaki mzito. X huchanganya sana, hata kila bomba la nyuma likasikia karibu pumzi zote nane zikifuatana sawasawa. Hivyo sauti hupanda, ikawa laini na kali, ikielekea kidogo upande wa magari ya Italia yenye krenki bapa. Tunasema ikielekea, kwa sababu hakuna bomba litakaloigeuza krenki ya msalaba kuwa bapa. Anayeitaka sauti ile hana budi kununua injini ile, na Ford yenyewe iliitengeneza baadaye kwa ajili ya Mustang Shelby GT350 iliyoanza kuuzwa mwaka 2015.

Sasa tumrudie kijana wetu. Je, akiweka X badala ya H katika injini ambayo haijabadilishwa kitu kingine, atapata nini? Atapata sauti tofauti, na pengine nguvu za farasi chache huko juu ambako injini yake haifiki mara kwa mara. Injini hii hufikia nguvu yake ya juu kabisa kwenye mizunguko kama 4,200 tu kwa dakika. Ni injini ya kuvuta kutoka chini, si ya kupiga kelele juu. Mtu anayeendesha kwenda ghalani saa nne za usiku na kurudi alfajiri haishi katika mizunguko 5,000. Kwa hiyo lile duka linalomwambia anunue X kwa kuwa ndiyo ya kisasa halikumwambia uongo kuhusu bomba. Limenyamaza tu kuhusu gari lake.

Yako maneno mengine yanayosemwa sana katika gereji, huko na hata hapa, nayo ni kwamba injini inahitaji kuzuiwa pumzi kidogo ili iwe na nguvu. Hayo si kweli. Hakuna injini iliyonufaika kwa kuzibwa pua. Kilichowapoteza watu ni hiki: bomba likiwa pana kupita kiasi, moshi hupoteza mwendo wake. Moshi unaokwenda kasi una uzito wa mwendo, nao ukiondoka huacha nyuma yake utupu kidogo unaouvuta moshi wa silinda inayofuata. Ukiupunguzia kasi kwa kuutia katika bomba la upana wa kupindukia, mvuto huo hufifia, na gari huonekana kuwa zito katika mwendo mdogo. Basi fundi aliyeweka bomba pana akaona gari limelegea alidhani kosa ni kukosa kizuizi, kumbe kosa ni kukosa kasi.

Upana, kwa hiyo, ni jambo la kupima. Mabomba ya kiwandani ya gari hili yana kipenyo cha inchi mbili na robo, yaani milimita 57 hivi. Yanayouzwa sana kuyabadili ni ya inchi mbili na nusu, ambayo ni milimita 63.5. Kwa macho tofauti ni ndogo, lakini kwa eneo la tundu ongezeko linapita asilimia 23, na linatosha kwa injini hii hata ikitiwa nguvu kiasi. Yapo pia ya inchi tatu, ambayo eneo lake linazidi hayo ya inchi mbili na nusu kwa asilimia 44. Hayo ni ya injini zilizofanyiwa kazi kubwa. Kuyaweka katika gari la kijana huyu ni sawa na kumvika mtoto kanzu ya babu yake.

Kisha kuna chuma chenyewe. Chuma cha kawaida ni rahisi na huliwa na kutu upesi. Chuma kilichopakwa alumini hustahimili zaidi, ila pale kilipochomelewa mpako huungua, na kutu huanzia hapo hapo. Chuma kisichoshika kutu kipo cha madaraja mawili yanayotumiwa sana: 409, chenye kromi ya asilimia 11 hivi, ambacho sumaku hukishika, na 304, chenye kromi ya asilimia 18 na nikeli ya asilimia 8, ambacho sumaku haikishiki vizuri. Muuzaji anayesema bomba lake ni 304 anaweza kujaribiwa kwa sumaku ndogo ya kufungia mlango wa kabati. Lakini 304 ina tabia ambayo wauzaji hawaitaji: hutanuka zaidi ikipata joto. Bomba la mita moja likipanda joto kwa nyuzi 400, chuma cha kawaida hurefuka kwa milimita tano hivi, na 304 kwa karibu milimita saba. Kama bomba halikupewa nafasi ya kucheza, urefu huo hulemea mshono wa daraja, na mshono ndio unaopasuka. Kwa gari la kazi, 409 au chuma chenye mpako mzuri wa alumini vyatosha.

Tumefika sasa kwenye lile duka la pili na bomba lake rahisi, na hapa hatutasema kwa upole.

Bomba la kati la Mustang ya 1989 si daraja peke yake. Ndani yake mmefungwa makopo manne ya katalisti, mawili madogo mbele na mawili makubwa nyuma yake. Katika makopo hayo mna vyumba vidogo vidogo vilivyopakwa madini ya thamani, platini na wenziwe, ambayo huigeuza hewa ya sumu ya kaboni monoksidi na mabaki ya petroli kuwa vitu visivyodhuru namna hiyo. Bomba lisilo na makopo huuzwa huko kwa jina la bomba la nje ya barabara, yaani la viwanja vya mashindano, na muuzaji hujiosha mikono kwa jina hilo huku akijua fika kwamba mnunuzi anakwenda nalo barabarani. Linakuwa rahisi kwa sababu limetolewa kile chenye gharama. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ya mwaka 1970, pamoja na marekebisho yake ya 1977 na 1990, inakataza kuondoa vyombo hivyo; kwanza iliwabana wenye gereji, kisha ikambana mtu yeyote. Huko California magari mengi ya petroli ya kuanzia mwaka 1976 hukaguliwa moshi kila baada ya miaka miwili. Mkaguzi hupima moshi, na pia huinama kutazama kama makopo yapo. Gari likishindwa, halipewi usajili. Fauka ya hayo, katalisti mpya inayouzwa katika jimbo hilo lazima iwe na namba ya idhini ya Bodi ya Rasilimali za Hewa ya California, na namba hiyo lazima ilingane na aina na mwaka wa gari.

Tazama basi hesabu ya bomba rahisi. Kijana atalinunua leo, na siku ya ukaguzi atalazimika kulivua na kununua lile aliloshauriwa asinunue. Ada ya wadogo zake itakatwa mara mbili badala ya mara moja. Wala asidanganyike kununua makopo yaliyotumika kutoka kwa mtu wa mitaani. Wizi wa katalisti ulienea mno California, hata mwaka 2022 zikatiwa saini sheria za kudhibiti nani anaweza kuziuza na kwa ushahidi gani. Na hata kama kopo halikuibwa, lililotumika haliruhusiwi kufungwa tena katika gari la jimbo hilo.

Kuna jambo ambalo hakuna hata mmoja wa washauri wake aliyemtajia. Ofisi ya serikali ya jimbo inayosimamia utengenezaji wa magari, ijulikanayo kwa herufi BAR, ina mpango wa kuwasaidia wenye kipato kidogo ambao magari yao yameshindwa ukaguzi wa moshi. Una masharti yake, na si kila aombaye hupata. Lakini kuuliza hakugharimu kitu, na kijana anayelipwa mshahara wa ghalani ndiye hasa aliyekusudiwa. Aulize kabla ya kununua, kwa maana msaada hutolewa kwa kufuata utaratibu wao, na anayetengeneza kwanza akaomba baadaye huenda akarudishwa mikono mitupu.

Na ushauri wa rafiki yake, wa kulehemu? Kama ufa uko katika bomba tupu na chuma kilichobaki ni kinene, huo ni ushauri mwema, tena ndio wa kwanza wa kujaribiwa. Fundi agonge bomba kwa nyundo ndogo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Chuma kizima hulia, kilicholiwa hunyamaza, na kikiwa kimekwisha kabisa nyundo huzama. Ufa ulio kwenye mshono wa daraja waweza kuchomelewa baada ya kutobolewa tundu dogo kila mwisho wake ili usiendelee kukimbia. Lakini kama kutu imefika kwenye makopo yenyewe, kulehemu ni kupoteza umeme.

Kuliacha lilivyo, hata hivyo, hakufai kabisa. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Mustang za umri huo zimechakaa mipira ya milango na ya mlango wa nyuma, na moshi unaovuja chini ya sakafu hupata njia ya kuingia ndani, hasa usiku wa baridi wakati vioo vimefungwa. Mtu huanza kwa kuumwa kichwa, kisha husikia usingizi, naye yuko njiani akirudi kutoka kazini ambako uchovu ulikwisha kumwandalia usingizi huo huo. Hatajua ni upi ulio wa haki. Aidha, ufa ulio mbele ya sensa ya oksijeni, na gari hili linazo mbili, hunyonya hewa kutoka nje kati ya pumzi na pumzi. Kompyuta ya injini ikiona hewa hiyo hudhani petroli ni chache, ikaongeza. Kijana atajaza tangi mara kwa mara bila kujua kwamba analipia ufa.

Basi tunavyoona sisi, anachohitaji ni bomba la H la kufuata lile la kiwandani, lenye makopo yake na namba ya idhini inayolingana na gari la 1989, lenye upana wa inchi mbili na robo au mbili na nusu kadiri idhini inavyoruhusu. X aiache. Tunakiri kwamba bomba hilo halitakuwa rahisi, na kwamba mwezi huu mzee atapokea kidogo kuliko alivyozoea. Tungependa kumwambia vingine.

Kabla ya kulipa, yako mambo ya kuhakikisha. Bomba lililotengenezwa kwa gari la gia za mkono huenda lisipite chini ya giaboksi ya otomatiki, na kinyume chake. Gari lake ni la gia za mkono, na alitaje hilo dukani kwa maneno wazi. Pili, kama mwenye gari wa zamani aliwahi kubadilisha manifoldi za kutolea moshi akaweka zile ndefu, bomba la kawaida halitafika, kwa kuwa zile zinaishia nyuma zaidi. Tatu, matundu ya sensa mbili za oksijeni yawepo mahali pake, na kile kijibomba kinachopeleka hewa kwenye makopo kutoka kwenye pampu kipate pa kuunganishwa. Bomba lisilo na kiungo hicho litashindwa ukaguzi hata kama makopo yamo.

Kelele nazo zina mpaka. Sheria ya California inaruhusu bomba lililobadilishwa katika gari dogo lisizidi desibeli 95 kwa kipimo chao. Bomba la H lenye makopo na sailensa nzima halifiki huko. Anayetoka kwenda kazini wakati watoto wa jirani wamelala hatakuwa na ugomvi na mtu.

Kazi ya kulifunga si ngumu kwa fundi mwenye subira. Nati za kwenye manifoldi zitakuwa zimeshikwa na kutu ya miaka, zitiwe mafuta ya kulegeza kutu usiku mmoja kabla, kwa kuwa skrubu ikikatikia ndani ya manifoldi gharama hupanda papo hapo. Gari lisimamishwe juu ya stendi madhubuti, si juu ya jeki peke yake. Wengi wamekufa chini ya jeki. Bomba jipya litundikwe lote likiwa limelegea, litazamwe kwamba haligusi sakafu wala giaboksi wala waya, ndipo likazwe kuanzia mbele kurudi nyuma. Baada ya hapo mashine ya kupuliza upepo ielekezwe kwenye mkia wa bomba na viungo vipakwe maji ya sabuni. Panapovuja patatoa povu. Injini iwashwe mahali pa wazi, ipate joto kamili, izimwe hadi ipoe, kisha nati zikazwe mara ya pili. Na lile bomba la zamani asilitoe kwa fundi siku hiyo hiyo, bali aliweke kando ya jipya na kupima urefu, matundu na pembe, kabla msumeno haujagusa chochote.